Duka chini, watu juu: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu majengo ya matumizi mchanganyiko

Mimi ni msanifu majengo hapa Dar es Salaam. Kila msimu wa mahafali vijana wananiandikia, na maswali ni yaleyale. Nimechoka kujibu mojamoja usiku, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Majibu mengine ni marefu kwa sababu hapo niliumia. Mengine ni mafupi kwa sababu hayana mengi.

Hivi jengo la matumizi mchanganyiko ni kitu gani hasa?

Ni jengo ambalo watu wanafanya ndani yake zaidi ya jambo moja: wanaishi, wanauza, wanashona, wanasoma, wanaoza watoto, wanaweka msiba. Kwenye karatasi za halmashauri utaliona limeandikwa "makazi na biashara". Chuoni nililipokea kama kitu cha ng'ambo, kimekuja na lifti na vioo, na nikaamini hivyo mpaka siku niliyokwenda Magomeni kumsalimia shangazi nikaiangalia nyumba aliyokulia baba kana kwamba sijawahi kuiona.

Nyumba ya Kiswahili unaijua. Mbele kibaraza. Ukiingia mlangoni unakuta ukumbi mrefu umenyooka hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule. Uani kuna jiko, choo, bafu, kamba za nguo na mlango wa nyuma. Chumba cha mbele cha kulia kilitobolewa ukuta kikawa duka. Pale kibarazani asubuhi kuna cherehani, mchana kuna bao, jioni kuna karai la mihogo. Wapangaji wanne wasio na udugu wowote wanapita ukumbi mmoja, wanasalimiana wapende wasipende.

Jengo lenyewe ndilo hilo. Ukiweza kulipandisha ghorofa sita bila kupoteza kibaraza, ukumbi na uani, umefanya kazi. Wengi wetu tunapandisha vyumba tu, vile vitu vitatu tunaviacha chini, kisha tunashangaa kwa nini majirani hawajuani.

Na jengo "la jamii" ndiyo lipi? Ukumbi wa harusi?

Ukumbi wa harusi ni biashara nzuri, lakini Jumatatu hadi Alhamisi una kufuli. Mimi nina kipimo kimoja: mtu asiye na hata mia mfukoni anaweza kukaa wapi kwenye jengo hili bila mlinzi kumsogelea?

Nikipewa kazi, nianze kuchora lini?

Baada ya kukaa. Namaanisha kukaa kitako, kwenye kiti cha plastiki au benchi la mama ntilie, siku tatu angalau: moja ya kazi, moja ya Ijumaa, moja ya Jumapili. Chukua daftari na futi kamba. Kompyuta iache nyumbani.

Nikupe mfano wa kiwanja kimoja cha kona nilichopewa nikiwa bado mbichi. Kwenye ramani ya upimaji kilikuwa tupu, mita 20 kwa 28, weupe mtupu. Nilifika saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kwenye kona palikuwa na mwarobaini, chini yake bodaboda saba. Saa kumi na mbili mama mmoja akashusha mafiga, akaanza chapati na maharage. Saa moja kasoro wanafunzi wakaanza kukatiza kiwanja mshazari, kutoka barabara ya vumbi hadi kituo cha daladala. Nilihesabu 140 kwa nusu saa, nikakosea, nikaanza upya. Mchana watu walikatiza njia hiyohiyo kwenda msikitini. Yule mama alinitazama kwa muda kisha akasema, "Mwanangu, mbona unatuhesabu? Wewe wa manispaa?" Nikamwamkia vizuri, nikamweleza. Akanionyesha kitu ambacho ramani isingenionyesha kamwe: wakati wa masika maji yanatokea wapi na yanaishia wapi. Alikuwa ameweka alama ya mkaa kwenye shina la mwarobaini.

Ile njia ya mshazari ndiyo iliyozaa jengo. Tuliipitisha katikati ya ghorofa ya chini kama ukumbi wa nyumba ya Kiswahili, wazi pande zote mbili, na fremu, yaani vyumba vya maduka, zikaitazama kushoto na kulia. Mwenye kiwanja alipata fremu za kona nne badala ya mbili. Sakafu tuliinua juu ya ile alama ya mkaa. Nilichobuni mimi hapo ni kidogo sana.

Mkutano na wananchi unaendeshwaje? Kila mara wazee watatu ndio wanaoongea.

Pitia ofisi ya serikali ya mtaa, usiende kichwakichwa. Mwenyekiti na wajumbe wakikufahamu, kazi inakuwa nyepesi, na ukiwaruka utalipia huko mbele.

Ni kweli, kwenye mkutano wataongea wazee, na wataongea vizuri. Wanawake watakaa nyuma na watoto, watakubali kila kitu, kisha wakitoka nje wataambiana ukweli. Kwa hiyo ufuate ukweli hukohuko nje: kwenye foleni ya maji, saluni, kwenye kikao cha vikoba. Usiwaonyeshe ramani. Mtu asiyezoea ramani anaiangalia kwa adabu na kuitikia kwa kichwa.

Sisi tunachora kwa chokaa chini, kipimo halisi. Unamwaga mistari ya kuta pale kiwanjani, unaacha nafasi za milango, halafu unawaambia watu waingie. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo, bibi mmoja aliingia kwenye jiko la pamoja nililokuwa najivunia, akatandaza mikono, akasema, "Hapa sufuria la pilau la msiba halizunguki." Akatoka. Jiko likaongezeka mita moja na nusu kabla halijatumika hata tofali moja. Kufuta chokaa ni bure, ila kuvunja zege kila mtu anajua bei yake.

Mteja anataka fremu mpaka ukingo wa barabara. Kibaraza anakiita hasara. Nimjibuje?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na wengi mnakwenda na jibu la huruma: "lakini mzee, jamii…" Mzee amekopa benki. Nenda na hesabu.

Chukua uso wa mita 20. Hizo ni fremu tano za mita nne. Ukirudisha ukuta nyuma mita mbili na nusu ili upate kibaraza chenye paa, umepoteza mita za mraba 50 kwenye karatasi. Hapo ndipo mteja anaposhika kichwa. Sasa mtembeze mtaani kwake saa nane mchana, aone fremu za upande wa jua. Wenye maduka wamefunga maturubai, wamejenga vibanda vya mabati, wamesogeza bidhaa nje mpaka juu ya mtaro. Kile kibaraza ulichomnyima mpangaji atakijenga mwenyewe, kibaya, kwenye eneo la barabara, na siku manispaa ikija kuvunja atakayelaumiwa ni mwenye nyumba. Mteja haiokoi hiyo nafasi kwa kuinyima kivuli.

Halafu mwulize: fremu zako za sasa, ipi haikai tupu? Karibu kila mara ni ile yenye kivuli mbele, ambako mtu anaweza kusimama akachagua bila kuungua wala kulowa. Wapangaji wa fremu wanalipa miezi sita au mwaka kwa mkupuo, wengine na kilemba, yaani pesa ya kuingilia, juu, kwa hiyo mwenye nyumba anapata kishindo mara moja na hasikii maumivu ya mwezi mmojammoja. Mwandikie maumivu hayo kwa shilingi: fremu moja ikikaa tupu miezi minne kila baada ya miaka miwili, amepoteza kiasi gani kwa miaka 20? Mwache apige hesabu kwa simu yake mwenyewe. Ukipiga wewe hataamini.

Wahenga wa pwani walilijua hili zamani. Mabaraza ya mawe ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ni viti, lakini mvua kubwa ikinyesha na uchochoro ukajaa maji, watu wanatembea juu yake. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi palepale zina duka mbele lenye milango ya kukunja, familia nyuma na juu. Hakuna aliyeziita mseto.

Kipimo: kiti cha kibaraza sentimita 45 kwenda juu, kina sentimita 40 hadi 50. Kikipungua hapo watu wanachuchumaa, kikizidi miguu inaning'inia. Na usiweke vyuma vya kuzuia watu wasikae. Niliwahi kukuta mteja mmoja ameviweka nyuma yangu, wiki moja baada ya kukabidhiwa. Sikugombana naye. Baada ya miezi michache mpangaji wa duka la dawa alivikata mwenyewe kwa msumeno kwa sababu wagonjwa walikosa pa kusubiri.

Nguzo zinanitesa: chini maegesho, katikati maduka, juu vyumba. Hazilingani.

Hazitalingana kama ulianza na vyumba. Anza na gari. Nafasi moja ya gari ni kama mita 2.5 kwa 5. Magari matatu kati ya nguzo mbili, ukijumlisha unene wa nguzo, yanakupeleka karibu mita 8. Mita 8 ni fremu mbili za mita 4, na juu ni vyumba viwili vya kulala vyenye kuta za heshima, au sebule moja na jiko. Kiwanja kikiwa chembamba, tumia magari mawili, yaani kama mita 5.4. Ukipata kipimo kinachomridhisha dereva, mwenye duka na mwenye kitanda, mhandisi wa mihimili atakupenda, na boriti kubwa za kuhamisha uzito hutazihitaji.

Urefu wa ghorofa ya chini usiubane. Kati ya mita 3.5 na 4 toka sakafu hadi sakafu. Mwenye duka ataweka dari ya stoo juu, ruhusa yako hahitaji.

Wanaoishi na wanaokuja dukani watumie ngazi moja?

Hapana. Ngazi mbili, milango miwili. Mtoto anayetumwa chumvi asikatize katikati ya wateja wa baa. Na moto ukianzia dukani, waliolala juu wapate njia isiyopita kwenye moshi huo. Zimamoto watakuuliza, na wana haki ya kukuuliza.

Lakini kuhusu ngazi nina jambo jingine, na nitalisema ingawa linanichoma. Jengo langu la kwanza kusimama lilikuwa na ghorofa tatu. Ngazi nilizibana, upana sentimita 90, zinazunguka kwa vipande vya pembetatu. Kwenye picha zilipendeza kama ushanga. Mwaka wa pili mzee wa ghorofa ya tatu alifariki nyumbani. Nilikwenda msibani. Vijana sita walishuka na jeneza, wakafika kwenye mzunguko, likakwama. Walilisimamisha. Mzee yule alishuka nyumbani kwake amesimama wima, na wanawe wakitazama. Hakuna aliyenisema. Mjane aliniambia tu, "Karibu chai, mwanangu."

Tangu siku hiyo kila ngazi ninayochora ina kipande cha karatasi cha mita mbili na sentimita 10 kwa sentimita 70, kwa kipimo cha mchoro, na ninakipitisha kutoka kila mlango hadi barabarani. Kikikwama, ninafuta. Upana mita 1.3, jukwaa la kupumzikia mita 1.5. Kinachopitisha jeneza kinapitisha pia kabati, godoro, mama mjamzito kwenye machela na friji. Kwa mwinuko wa kila kidato, kaa kati ya sentimita 15 na 17.5, na vyote vilingane sawasawa: kidato kimoja kikizidi vingine, ndicho kitakachoangusha watu miaka yote.

Na msiba wenyewe utakaa wapi? Turubai, viti mia, wanawake na majiko upande wao. Kama uani hauna nafasi hiyo, watafunga barabara. Mimi huweka uani wa pamoja juu ya paa la maduka, ghorofa ya kwanza, ambako kwa siku za kawaida ni pa kuanikia nguo na watoto kucheza wakiwa wanaonekana kutoka jikoni.

Kelele, harufu, taka?

Harufu ya samaki hupanda. Bomba la moshi la mgahawa lipite ndani ya jengo hadi juu ya paa, lipange tangu mwanzo, maana baadaye litatobolewa dirishani kwa mtu. Vyoo na majiko viwe juu ya vyoo na majiko, visiwe juu ya duka la vitambaa. Chemba za maji taka zisikae mbele ya mlango wa duka la chakula: gari la kunyonya likija siku ya Jumamosi utalaaniwa. Taka zipate chumba chenye mlango wa nje na bomba la maji ya kuoshea.

Kelele ni ngumu zaidi kwa sababu ni suala la mkataba kuliko ukuta. Ukumbi wa muziki na vyumba vya kulala visishiriki slabu moja ya zege. Ikibidi, weka ghorofa ya ofisi katikati, kwa kuwa saa nne usiku ofisini hamna mtu.

Luku, yaani mita ya umeme, iwe moja au kila mtu na yake?

Kila mtu na yake, na moja ya ziada kwa taa za ngazi, pampu na geti. Nimeona majengo mazuri yakifa kwa sababu ya pampu ya maji: imeunganishwa kwenye luku ya mpangaji wa chini, akigombana na wa juu, anazima. Maji nayo yapimwe kwa kila nyumba. Ugomvi wa uswahilini wakati mwingine ni ugomvi wa mabomba tu.

Bila kiyoyozi jengo linakalika kweli kwa joto la Dar?

Linakalika ukiheshimu upepo. Kaskazi inavuma kati ya Desemba na Machi, kusi inashika kuanzia karibu Aprili hadi Septemba. Moja inatoka kaskazini mashariki, nyingine kusini mashariki. Chumba kikiwa na dirisha upande mmoja tu hakina upepo hata ukiweka dirisha kubwa kama mlango, maana hewa inahitaji pa kutokea. Ndiyo maana ukumbi wa nyumba ya Kiswahili umenyooka hadi uani.

Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, fupi zikabili mashariki na magharibi. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Paa ndilo linalopigwa zaidi. Kwenye ngazi na korido tumia tofali za matundu: zinaleta hewa na mwanga, hazihitaji umeme, na fundi yeyote anazijua.

Kwa somo la paa, mtazame Francis Kéré wa Burkina Faso. Shule ya msingi aliyowajengea watu wa kijijini kwake Gando, iliyokamilika mwaka 2001, ina kuta za tofali za udongo na dari ya tofali, kisha paa la bati limeinuliwa juu yake likiwa na nafasi, upepo ukachukua joto katikati. Wanakijiji ndio waliojenga. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo. Bati lilelile ambalo hapa tunaligongelea moja kwa moja juu ya vichwa vya watoto.

Nikaangalie majengo gani?

Soko la Kariakoo kwanza, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Simama chini ya ile miavuli ya zege utazame juu: ni kama miti, na pia ni faneli za kukusanya maji ya mvua. Soko la rejareja juu, shimoni stoo na jumla. Liliungua Julai 2021, na watu walililia kama ndugu. Si kila jengo linaliliwa.

Kisha vuka maji uende Michenzani, Zanzibar. Maghorofa yale marefu yalianza kujengwa enzi za Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yamenyooka kana kwamba yametandazwa kwa rula. Nenda ukaone wenyewe walivyoyarekebisha: maduka, mabaraza na vijiwe vya kahawa chini. Hakuna darasa zuri kuliko jengo lililosahihishwa na wakazi.

Nairobi, Kibera, kuna vituo vya shirika la Umande Trust: chini vyoo na mabafu ya kulipia, chini ya ardhi mtambo wa gesi itokanayo na kinyesi, juu ukumbi au vyumba vya kupangisha. Kodi ya juu inasaidia kuendesha vya chini. Ukiweza kuelezea jengo lako kwa sentensi kama hiyo, umeelewa matumizi mchanganyiko. Na ukifika Rwanda, hospitali ya Butaro ya mwaka 2011, mawe ya volkano yaliyochongwa na mafundi wa palepale. Si jengo la mseto, lakini angalia viungo vya mawe.

Naweza kugonga muhuri wangu kwenye michoro lini?

Kwa Tanzania, usipokuwa umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, huna muhuri na usijiite mbunifu majengo. Fanya kazi chini ya aliyesajiliwa, andika kumbukumbu zako za kazi kila wiki bila uvivu, kisha ukabili mtihani. Kenya wana bodi yao chini ya Sura ya 525. Usikubali "kuazimwa" muhuri na mtu asiyeijua hata barabara ya kwenda kwenye kiwanja.

Kabla ya yote hayo soma hati. Kama imeandikwa makazi tu, ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi linatangulia kibali cha ujenzi, na majirani wana nafasi ya kupinga. Kama ulikaa nao kwenye benchi la mama ntilie, hawapingi sana.

Ndugu anataka nimchoree bure.

Mpe punguzo, usimpe bure. Cha bure kinabadilishwa kila Jumapili baada ya kanisa.

Mteja anataka kuongeza ghorofa moja, au kuchimba stoo chini, wakati jengo limeshasimama.

Jibu ni hapana mpaka mhandisi aliyesajiliwa apime na kuandika. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara liliporomoka Kariakoo na kuua zaidi ya watu 20. Mashuhuda walisimulia kuwa kazi ya kupanua eneo la biashara chini ilikuwa ikiendelea. Mwaka 2013, Ijumaa Kuu, ghorofa iliyokuwa ikijengwa mtaa wa Indira Gandhi iliua watu zaidi ya 30. Mteja akikwambia "mbona fundi amesema inawezekana", mwambie fundi aandike na kusaini. Hataandika.

Mafundi wananiita "dada injinia" na wanabadilisha ramani nikiondoka.

Hata mimi. Jina liache lilivyo. Kuhusu ramani, wanabadilisha pale ambapo mchoro haukusema au ulisema kitu kisichojengeka. Chora kipande kigumu kwa kipimo kikubwa, kibandike ukutani pale saiti kwenye plastiki, na umwombe fundi mkuu akueleze yeye atakavyokifanya kabla ya wewe kumweleza. Mara nyingi njia yake ni nafuu zaidi. Jenga mita moja ya mfano, ya tofali za matundu au ya ukingo wa kibaraza, muikubali wote wawili, kisha iwe ndiyo shahidi. Na fika siku ya kumwaga zege, hata ukiwa na homa.

Baada ya kukabidhi, nani analitunza?

Hapa ndipo majengo mengi ya jamii yanapofia. Lifti, pampu, taa za ngazi na rangi vinahitaji mtu mwenye jina na fedha zenye akaunti. Kwa nyumba zinazouzwa mojamoja kuna sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, inayotambua maeneo ya pamoja na chama cha wamiliki. Isome kabla hujachora, kwa sababu mstari wako ndio utakaoamua korido ni ya nani. Magomeni Kota, familia 644 zilibomolewa nyumba za zamani na mwaka 2022 zikakabidhiwa ghorofa mpya. Nenda ukakae uani pale jioni, uwaulize wakazi nani anafagia na nani anachangia. Utajifunza zaidi ya hapa.

Ushauri wangu ni kutenga fremu moja tangu mwanzo, kodi yake isiende kwa mwenye nyumba bali kwenye matunzo ya maeneo ya pamoja, na iandikwe kwenye mkataba. Wateja wawili wamekubali, wanne wamekataa.

Programu gani ya kompyuta ni bora?

Yoyote unayoijua. Lakini mistari ya ngazi ichore kwanza kwa mkono.

Naweza kukutumia mchoro wangu uniangalizie?

Tuma. Tuma ramani ya ghorofa ya chini pamoja na mtaa unaoizunguka, mita 50 kila upande, ikionyesha miti, mitaro na vijiwe. Tuma mkato wa ngazi na kile kipande cha mita mbili na sentimita 10 kikiwa kimechorwa kwenye kila kona. Tuma idadi ya watu uliowahesabu na saa uliyowahesabu. Zile picha za kompyuta zenye Wazungu wameshika vikombe vya kahawa na mbwa kwenye kamba, bakiza.